Mtoto Aliyekaa Kitako

Tumekawia miaka mingi kuyaandika mambo haya. Kilichotuzuia ni soni. Kwani habari za uzazi katika nyumba zetu za Pemba husemwa chini kwa chini baina ya mabibi na wakunga, na mwanamume akizisikia hujifanya hakusikia. Lakini tumeona kuwa soni ikizidi kipimo chake hugeuka kuwa dhuluma. Mwanamume huyo huyo ajifanyaye hakusikia ndiye atakayeulizwa siku ya shida, "Tumpasue au tusimpasue?" Naye atajibuje juu ya jambo asilolijua? Basi leo twasimulia yaliyotupata sisi wenyewe, apate kuzingatia mwenye kutaka kuzingatia.

Ilikuwa mwaka 1994, msimu wa karafuu. Tulikuwa twaishi shamba, upande wa kaskazini ya Wete, na mwenzetu wa nyumbani alikuwa na mimba ya tatu. Wawili wa mwanzo aliwazaa nyumbani kwa salama, kwa hivyo hatukuona haja ya kumpeleka kupimwa. Tulisema, aliyezaa mara mbili, ya tatu itamshindaje? Mkunga wetu, mwanamke mcha Mungu na mwenye mikono myepesi, alimpapasa akasema kuwa mtoto amekingama, lakini atajinyoosha siku yake ikifika. Siku ikafika. Chupa ikapasuka alfajiri, na kilichotangulia hakikuwa kichwa, kilikuwa mkono. Tukampakia katika gari la karafuu mpaka hospitali. Daktari alimtazama kwa muda mchache tu, akatwambia, "Huyu hawezi kuzaa kwa njia ya kawaida. Mtoto yuko hai. Tumpasue sasa hivi." Nasi tukatoa jibu ambalo hatujaacha kulijutia mpaka leo: "Tungojeeni kwanza, tushauriane na wazee."

Wazee hao walikuwa watatu. Mmoja alikuwa shambani juu ya mkarafuu, wa pili alikwenda mazikoni Kengeja, na wa tatu alikuwapo pale pale, lakini alisema hawezi kutamka neno bila ya wenzake. Tukangoja tangu asubuhi hata alasiri. Tulipotia sahihi, moyo wa mtoto ulikuwa umekwisha kunyamaza. Mama yake alipasuliwa akapona, kwa rehema za Mwenyezi Mungu. Mtoto alikuwa mwanamume. Hatukumlaumu daktari wala mkunga. Wa kulaumiwa alikuwa amesimama uwanjani na kanzu yake, akingoja wazee.

Ikapita miaka 23. Mwaka 2017 binti yetu wa pili, ambaye siku ile ya msiba alikuwa mtoto wa miaka 2, akashika mimba yake ya kwanza. Mumewe ni mvuvi, na wakati ule alikuwa dago, mbali na nyumbani. Basi mwana akaja kukaa kwetu. Safari hii hatukufanya ajizi. Tulimpeleka kupimwa kila mara katika kituo cha afya. Mimba ilipofika wiki ya 34, nesi alimpapasa tumbo kwa utaratibu, juu, kando na chini, kisha akatwambia, "Baba, kichwa kiko juu. Mtoto kakaa kitako."

Bibi yake, mama yetu mzazi, alicheka akasema, "Huyu kashafika barazani kabla ya kuzaliwa!" Lakini kicheko hakikudumu. Jioni ile nyumba iligawanyika mapande matatu. Bibi alitaka aitwe mkunga aje amkande kwa mafuta ya nazi, amgeuze mtoto kwa nguvu. Shemegi yetu aliyekuja kutoka Unguja akasema kuwa siku hizi hapana haja ya mwanamke kuteseka. Achaguliwe siku, apasuliwe, mambo yaishe. Na sisi je? Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sisi tuliokataa kisu mwaka 1994 sasa tulikitaka kabla ya wakati wake. Asubuhi tulirudi kwa nesi tukamwomba atuandikie barua ya kwenda kupasuliwa wiki ile ile.

Mwanamke yule alikuwa mdogo kwa umri kuliko watoto wetu, lakini alitujibu kwa adabu na kwa ujuzi. "Baba yangu," alisema, "wiki ya 34 si wakati wa kukata shauri hilo. Mtoto bado ana nafasi ya kugeuka mwenyewe, na akitolewa sasa mapafu yake huenda hayajakomaa. Mliwahi kuchelewa, dawa ya kuchelewa ni kujua mapema, haraka haisaidii." Kisha akatueleza jambo ambalo laiti tungelijua zamani. Mimba inapokuwa ya wiki 28, kiasi cha mtoto 1 katika kila 4 huwa kakaa kitako. Kadiri siku ziendeleavyo wengi wao hugeuka wenyewe, hata inapofika siku ya kuzaliwa hubaki 3 au 4 tu katika kila 100. Basi anayekimbilia kisu mapema huenda akampasulia mtoto ambaye angeligeuka kwa amri ya Mola wake bila ya kuguswa na mtu.

Tukamwuliza habari ya kukanda. Akasema kuwa kupakwa mafuta kwa mkono mwepesi ili mama apumzike hakumtishi. Linalotisha ni kumsukuma mtoto kwa nguvu na hali hapana ajuaye kondo la nyuma limekaa wapi, wala hapana anayesikiliza moyo wa mtoto. Kondo likibanduka, damu humwagika ndani, na mama na mtoto wote wawili huwa hatarini. Tukamwuliza pia juu ya jambo aliloambiwa binti na bibi yake, kwamba arefushe sijda, magoti na kifua chini, mtoto apate kugeuka. Akatabasamu akasema kuwa wataalamu wameuchunguza ukaaji wa namna hiyo na hawakupata ushahidi wa kutosha kuwa humgeuza mtoto, ingawa hauna dhara kwa mja mzito aliye mzima. Nasi twasema: sijda ni ibada, na arefushaye sijda hapati hasara, lakini isifanywe ndiyo dawa ya kutegemewa hata wiki zikapita bila ya mtoto kutazamwa tena.

Wiki ya 37 mtoto alikuwa bado kakaa kitako. Tukampeleka hospitali, akapigwa picha. Ikaonekana kuwa mtoto ni mmoja, maji yake yanatosha, na kondo liko juu, halikuziba njia. Daktari akasema kuwa ipo njia ya kumgeuza kwa mikono juu ya tumbo, na hufaulu kwa karibu nusu ya wanawake, zaidi kwa waliokwisha kuzaa kabla. Mama yetu, ambaye alikuwa amekaa kimya na buibui lake, alinyanyua kichwa akauliza, "Je, mwanangu, na hiyo ina tofauti gani na kukanda kwetu?" Lilikuwa swali la haki, na daktari hakulidharau. Alisema, "Bibi, mikono ni mikono. Tofauti ni kuwa sisi tumetazama kwanza kondo liko wapi. Twamsikiliza moyo mtoto kabla na baada. Twampa mama dawa ya kulegeza fuko la uzazi. Mama akisema aumwa, twaacha. Na chumba cha upasuaji kiko hapa kando, kwani katika kila wanawake 200 huenda mmoja akahitaji kupasuliwa kwa haraka." Akaongeza kuwa kazi hiyo haifanywi kwa mwenye kutoka damu, wala kwa mwenye kondo lililoziba njia, wala kwa aliyepasuka chupa, wala kwa mwenye mimba ya pacha mpaka wa kwanza awe amekwisha kuzaliwa.

Alijaribu mara mbili. Mtoto alizunguka nusu, kisha akarejea pale pale. Daktari akainua mikono akasema, "Yatosha. Hatushindani naye."

Zikabaki njia mbili: kumzaa hivyo hivyo kwa njia ya kawaida, au kupasuliwa. Daktari alituwekea wazi. Mwaka 2000 ulitangazwa uchunguzi mkubwa uliofanywa katika nchi 26 juu ya wanawake 2,088 waliokuwa na watoto waliokaa kitako, ukaonyesha kuwa waliopangiwa kupasuliwa watoto wao walisalimika zaidi katika siku za mwanzo. Baadaye, watoto wa baadhi ya nchi hizo walipotazamwa wakiwa na miaka 2, haikuonekana tofauti baina ya makundi hayo mawili katika vifo na ukuaji wa akili. Kwa hivyo madaktari wengi leo husema kuwa mwanamke aliyechaguliwa kwa uangalifu aweza kumzaa mtoto aliyekaa kitako, maadamu yupo mkunga au daktari mzoefu wa kazi hiyo. Lakini mzoefu huyo siku ile hakuwapo, mimba ilikuwa ya kwanza, na mtoto alikuwa ametanguliza mguu mmoja, na hilo lina hatari ya kamba ya kitovu kuchomoza.

Hapa ndipo tulipokumbuka kosa letu la kale. Hatukumtafuta mzee yeyote. Tulimgeukia mwenye tumbo lake tukamwuliza, "Mwanangu, wewe wasemaje?" Akasema, "Baba, nishaelewa. Nipasuliwe." Mumewe alikwisha kutuachia neno kwa simu tangu mwezi wa nyuma, kwamba likitokea la kutokea asingojwe. Binti akatia sahihi kwa mkono wake, nasi tukashuhudia. Alipasuliwa katika wiki ya 39, akazaliwa mwanamume mzima.

Yatakuwapo maneno, nayo yalikuwapo. Baadhi ya wazee walisema kuwa kupasua ni mambo ya Kizungu, na kwamba mzazi wa kweli ni yule aliyesukuma. Twawajibu kwa upole. Tabibu wetu mkubwa wa Andalusi, Az-Zahrawi, aliyekufa yapata mwaka 1013, aliandika katika kitabu chake At-Tasrif mafunzo ya wakunga juu ya watoto waliokaa vibaya tumboni, waliotanguliza miguu na waliotanguliza mikono. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi waliruhusu kupasuliwa tumbo la mwanamke aliyekufa, ikiwa mtoto aliye ndani yu hai na yatarajiwa kuwa ataishi. Iwapo heshima ya maiti iliachiwa njia kwa ajili ya uhai, itakuwaje kwa mama aliye hai ambaye kupasuliwa kwamwokoa yeye na mwanawe? Wala Waafrika hawakungoja kufundishwa. Mwaka 1879 daktari mmoja wa Kiingereza, Robert Felkin, alishuhudia huko Bunyoro, katika Uganda ya leo, tabibu wa kienyeji akimpasua mwanamke na kumtoa mtoto hai; jeraha likafungwa kwa vijiti vya chuma na nyuzi, na siku ya 11 lilikuwa limepona. Felkin aliyaandika hayo mwaka 1884, wakubwa wa Ulaya wakastaajabu.

Lakini mizani ina vitanga viwili, na ni haki tukitazame cha pili. Kupasuliwa ni jeraha. Lina damu yake, lina maumivu yake, na pengine huingia uchafu. Tena halikomi siku ile. Kovu hubaki katika fuko la uzazi, na kila kovu likiongezwa, mimba zinazofuata huongezewa hatari ya kondo kukaa chini au kushikamana na kovu lisibanduke. Kwa watu kama sisi, tunaopenda nyumba ijae watoto, hesabu hiyo ni nzito. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 1985 kuwa hapana sababu ya nchi kupita wanawake 10 mpaka 15 wa kupasuliwa katika kila 100. Na mwaka 2015 likasema kuwa ikipindukia 10 katika 100, kuzidisha upasuaji hakukuonekana kupunguza vifo katika taifa. Hata hivyo dunia imefika kiasi cha 21. Tanzania, kwa hesabu ya mwaka 2015 na 2016, ilikuwa na 6 tu. Maana yake ni kuwa kwetu wapo waliopasuliwa bila ya haja, na wapo, wengi zaidi, waliokihitaji kisu wasikipate kwa wakati.

Wala dawa ya maradhi haya mawili si mbalimbali. Katika hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, kuanzia mwaka 2014, wakunga na madaktari wa hapo walishirikiana na wataalamu wa kigeni kutunga kijitabu kidogo cha mwongozo wa kumwangalia mwenye uchungu, wakawa na mafunzo mafupi kila baada ya miezi michache. Hakikujengwa jumba wala hakikununuliwa chombo kikubwa. Na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2018 yalionyesha kuwa watoto wanaozaliwa wafu walipungua kutoka 59 mpaka 39 katika kila uzazi 1,000. Mwenye kumwangalia mzazi vizuri ndiye ajuaye ni nani wa kupasuliwa na ni nani wa kuachiwa azae.

Hilo tulilishuhudia nyumbani kwetu. Mwaka 2020 binti yule yule alipata mimba ya pili. Majirani wote walikubaliana: aliyepasuliwa mara moja hupasuliwa daima. Safari hii hatukukubali wala hatukukataa, tulikwenda kuuliza. Tukaambiwa kuwa wanawake waliopasuliwa mara moja wakajaribu kuzaa kwa kawaida, kiasi cha 3 katika kila 4 hufaulu. Lakini kovu huweza kupasuka kwa mmoja katika 200 au karibu na hapo, kwa hivyo asithubutu kuzalia nyumbani, azalie penye chumba cha upasuaji. Likatazamwa kovu lake katika karatasi za 2017, kuwa lilikatwa chini na kwa upana. Wiki ya 36 akapapaswa: kichwa kiko chini. Tukakaa karibu na hospitali siku zilizobakia, nguo zimekwisha kufungwa, na nauli imewekwa kando. Uchungu ulimjia usiku, na kabla ya adhana ya alfajiri akazaliwa mtoto mwanamke, bila ya kisu. Tungeliambiwa kuwa kisu chahitajika, tulikuwa tayari. Siku ya saba, kaka yake mtu mzima wa miaka 3, ambaye bibi amempa jina la Bwana Kitako, alikaa mkekani akala ubwabwa kuliko wageni wote.

Basi enyi akina baba na vijana mnaojiandaa kuoa, chukueni kwetu machache haya. Mimba inapofika wiki ya 36, ulizeni: mtoto kakaaje? Kondo liko wapi? Mkiambiwa kupasuliwa, ulizeni kwa adabu: ni kwa sababu gani, na je, ipo njia nyingine? Sababu ya kweli haiogopi kuulizwa. Mtoto aliyekingama mpaka siku ya uchungu, kondo lililoziba njia, damu inayotoka, kamba ya kitovu iliyotokeza: hizo ni sababu ambazo hazina mashauriano. Chupa ikipasuka na mtoto hajakaa sawa, ondokeni saa ile ile. Aliyeko Kojani au Fundo ajue tangu mapema ni mashua ya nani itakayomvusha usiku. Na mume anayesafiri asiondoke na ruhusa yake mfukoni. Aiache nyumbani pamoja na nauli. Siku hizi Pemba hatuna udhuru tuliokuwa nao zamani. Upasuaji hufanywa Wete, Chake Chake na Mkoani, ambako hospitali ya Abdulla Mzee ilijengwa upya kwa msaada wa China ikafunguliwa mwaka 2016.

Atakayesema kuwa kuuliza na kupimwa ni uchache wa kumtegemea Mungu, naye akaisome Sura ya Maryam. Bibi Maryam uchungu ulimpeleka penye shina la mtende, yu peke yake, na Mola wake alikuwa Muweza wa kumletea tende mpaka kinywani. Lakini aliamrishwa alitikise shina kwa mkono wake, naye akiwa katika hali ile ya unyonge. Sisi mwaka 1994 hatukutikisa kitu, tulisimama uwanjani.

Mwenyezi Mungu amrehemu mtoto wetu yule, amjaalie kuwa kitangulizi chetu. Awasalimishe waja wazito wote wa Pemba na wa kila nchi, awape wakunga wetu ujuzi na subira, na atupe sisi wanaume masikio ya kusikia kabla ya siku ya kuulizwa. Amin.